Shairi la Kuvukia Lami

Mwalimu Anselm aliliita shairi langu guni. Alilisema hilo ofisini, mbele ya walimu wote, chai ikiwa mezani, tena kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi zaidi. Kwa asiyelijua neno hilo, guni ni shairi lenye kasoro za vina na mizani. Ni sawa na kumwambia mama kwamba mtoto wake ana matege. Huenda ni kweli, lakini nani kakuuliza?

Nianze na barabara, maana bila hiyo shairi lenyewe lisingekuwepo. Shelui imekatwa katikati na lami itokayo Singida kwenda Nzega. Shule yetu iko upande wa juu. Upande wa chini kuna mashine za kukamua alizeti, maegesho ya malori, vibanda vya kuku wa kuchoma, na nyumba wanakotoka zaidi ya nusu ya watoto wangu. Malori yanateremka Mlima Sekenke breki zikinuka, na yakifika kwetu ndipo madereva wanapokumbuka kwamba wana njaa. Mimi ni Jenipher, mwalimu wa darasa la awali. Kila asubuhi nasimama upande wa chini, nawakusanya watoto wangu wa miaka mitano na sita, kisha navuka nao.

Mwanzoni nilitumia njia ya kawaida, yaani kuwaambia. "Watoto, barabara ni hatari. Mmesikia?" Wote wanaitika, "Ndiyo mwalimuuu!" Wakishaitika, mmoja anakimbilia kizibo cha soda, mwingine anarudi kumfuata kaka yake, wa tatu anakaa chini kutoa mchanga kwenye kiatu, na mguu wake uko juu ya lami. Nilifoka mpaka sauti ikakauka. Hasira zangu ziko karibu, sifichi, lakini hasira haimvushi mtoto barabara. Ndipo nikaanza kughani. Shairi halikuja siku moja. Lilikuja kipande kwa kipande, palepale kwenye vumbi la pembeni, na watoto wenyewe wakachangia, mpaka likawa hivi:

Barabara, barabara,
Simama!
Kulia kwangu kuna nini?
Tazama!
Kushoto kwangu kuna nini?
Tazama!
Kulia tena kuna nini?
Hakuna!
Haya twende, haya twende, haya twende, twende, twende,
Tumefika!

Hapo kwenye "hakuna" ndipo penye kazi. Neno hilo si la kukariri. Mtoto anayekaa mwisho wa mstari upande wa kulia anatazama. Njia ikiwa nyeupe, anasema "Hakuna!" na sote tunaondoka. Akiona chochote chenye injini, anasema "Lipo!" na wote tunarudi mwanzo, barabara, barabara, simama. Hata gari lililoegeshwa nalo lipo, kwa sababu huwezi kujua limeficha nini nyuma yake. Walipenda kusema "Lipo!" kuliko walivyopenda kufika shuleni. Msimu wa vitunguu, malori yakiwa mengi, tulilirudia shairi mpaka uji wa shule ukawa unatungoja wenyewe. Sikujali. Hakuna mtoto wangu aliyewahi kuparuzwa hata goti.

Kisha yakatangazwa mashindano ya sanaa ya madarasa ya awali, yangefanyika Kiomboi, wilayani. Mwalimu mkuu wetu, ambaye anapenda vikombe hata vya plastiki, akasema, "Mwalimu Jeni, lile shairi lako la barabarani linatufaa. Ila majaji ni walimu wa sekondari. Tumpe Mwalimu Anselm alipitie kwanza."

Mwalimu Anselm anafundisha Kiswahili sekondari, hatua chache kutoka kwetu. Anavaa viatu vya ncha, shati amelichomekea, na wanafunzi wake wanamwita Mzee wa Mizani, jina analojifanya halijui. Alikuja na kalamu nyekundu. Akaliandika shairi langu lote kwenye ubao wa ofisi, akaanza kuhesabu silabi kwa vidole kama mtu anayehesabu mayai yasivunjike.

"Mshororo wa kwanza, mizani minane. Wa pili, mitatu. Wa tatu, tisa. Wa nne, mitatu tena." Akageuka akanitazama kwa huruma. "Mwalimu Jeni, hapa pana mabonde na milima."

"Ndivyo Iramba ilivyo," nikasema.

Walimu wakacheka. Yeye akaendelea. Vina, akasema, hakuna cha maana. Muundo, haujulikani, si tathnia, si tathlitha, si tarbia. Takriri ipo, alikubali, tena imezidi. Mshororo wa "haya twende" ndio pekee wenye mizani kumi na sita, na huo pekee ndio ungeweza kuishi ndani ya shairi la heshima. Halafu akaweka duara jekundu kwenye "hakuna".

"Na hapa nimeambiwa wakati mwingine watoto wanasema 'lipo'."

"Wakiliona."

"Haiwezekani. Shairi lina maneno yake, Mwalimu. Huwezi kuwa na mshororo unaobadilika kila asubuhi kama bei ya nyanya. Majaji watachambua lipi?" Akafunika kalamu. "Kwa lugha ya kitaalamu, hili ni guni."

Nilitaka kumwagia chai. Badala yake nilimwuliza kama amewahi kuvuka lami na watoto wa chekechea, akasema hilo ni suala la maudhui na sisi tulikuwa kwenye fani. Mwalimu mkuu akasema tusigombane, tunataka kikombe. Keshokutwa yake Mwalimu Anselm akaniletea shairi jipya, limechapwa vizuri, tarbia ya beti tatu, minane kwa minane, na vina vyake vya kati na vya mwisho vimekaa mahali pake. Ubeti wa kwanza ulikuwa huu:

Barabara ni hatari, watoto tuwe makini,
Yapita mengi magari, yatokayo milimani,
Sasa twende kwa fahari, tuelekee shuleni,
Simama utafakari, kulia na kushotoni.

"Kushotoni?" nikauliza. Nimeishi miaka yangu yote hapa na sijamsikia mtu akienda kushotoni.

"Ni kwa ajili ya kina," akasema bila aibu.

Lakini ukweli ni kwamba lilisikika vizuri. Lilikuwa na mdundo, watoto walilishika kwa wiki moja, na mimi nikawafundisha mikono: kwenye "sasa twende kwa fahari" tunapiga hatua, kwenye "tuelekee shuleni" tunanyoosha kidole mbele, kwenye "simama", ambayo ndiyo kibwagizo na inarudi mwisho wa kila ubeti, tunasimama tuli, mkono kifuani, tunageuza kichwa kulia, halafu huko kushotoni. Niliwaambia kabisa kwamba hilo ni la Kiomboi, na lile letu ni la barabarani. Wakaitika, "Ndiyo mwalimuuu!"

Kichwa cha mtoto wa miaka mitano hakina kabati mbili. Kinachoingia kipya kinakalia kiti cha kile cha zamani.

Ilikuwa Jumatatu. Nilikuwa nimeinama namfuta kamasi Nathan, aliye mdogo kuliko wote, nikasikia nyuma yangu mstari umeanza wenyewe: "Barabara ni hatari, watoto tuwe makini." Nikajua wanafanya mazoezi. Nikamalizia pua ya Nathan. Nilipoinuka walikuwa wameshafika "sasa twende kwa fahari", na walikuwa wamekwenda kweli, kwa fahari kweli, wameshikana mikono, Faith mbele yao kidevu juu. Na walipofika katikati ya lami, juu ya ule mstari mweupe, ikaja zamu ya kibwagizo. Wakasimama. Mkono kifuani. Wakatafakari.

Kulia kulikuwa na lori la vitunguu linalotoka Sekenke, na namshukuru Mungu kwamba lilikuwa limeshapunguza mwendo kwa ajili ya mji. Likapiga breki, likasimama na mlio mrefu. Kushoto basi likasimama. Nyuma ya basi likasimama lori la mafuta ya alizeti, na nyuma ya lori pikipiki ambazo sikuzihesabu. Nilikimbia nikawafikia, nikawashika wawili, nikawavuta. Hawakuvutika. Nilikuwa nimewafundisha mwenyewe kwamba shairi halikatizwi katikati, ni utovu wa adabu. Wakaanza ubeti wa pili, wakimtazama dereva wa lori usoni:

"Dereva ana safari, haraka tele moyoni!"

Dereva akashuka. Mwanaume mkubwa, taulo shingoni. Akasikiliza mpaka kibwagizo, kisha akaniuliza taratibu, "Madamu, hili shairi lina beti ngapi?"

"Tatu," nikasema, huku nalia.

"Basi ngoja nizime injini."

Wakamaliza beti zote tatu pale katikati, pamoja na ule wa mwisho usemao "Tamati yangu shairi, nimefika kikomoni", ambao abiria wa basi waliupokea kwa kelele za hofu. Kisha wakavuka wakiwa wametulia kabisa, wameridhika, na makofi yalipigwa upande mmoja wa barabara tu.

Upande mwingine alikuwa Kristina, mama yake Faith. Ana kibanda cha kuku wa kuchoma pale maegesho, na alikuwa ameona kila kitu, koleo la mkaa mkononi. Alivuka bila kutazama kulia wala kushoto, akanikuta nimekaa chini kwenye vumbi. Alianza kwa Kinyiramba, na aliyoyasema kwa Kinyiramba sitayatafsiri. Alipotulia kidogo akahamia Kiswahili.

"Mwalimu Jeni, mtoto wangu nilikupa ukiwa na akili zako. Huyu hatavuka tena. Atakaa na mimi kibandani mpaka awe na akili ya kuvuka mwenyewe."

Hadi Jumatano wazazi wengi wa upande wa chini walikuwa wamefuata mfano wake. Darasa langu lilibaki na watoto wa upande wa juu na wachache wa chini ambao wazazi wao walikuwa safarini na hawajapata habari. Mwalimu mkuu akaniita. Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Alisema kamati ya shule imekaa, na wazo lao ni kwamba watoto wadogo wa upande wa chini wasimamishwe masomo mpaka wafikie umri wa darasa la kwanza.

"Huo ni mwaka mzima, Mkuu. Wengine miwili."

"Mkirudi na kikombe kutoka Kiomboi, nitakuwa na la kuwaambia wazazi. Wataona darasa lina maana, watalegea. Mkirudi mikono mitupu, Mwalimu, mimi sina hoja."

Kwa hiyo hapo ndipo ilipofikia: watoto wangu kukaa vibandani wakivuta moshi wa kuku, au kikombe. Nilikwenda kumtafuta Mwalimu Anselm nikiwa na maneno yangu tayari, mengine nimeyapanga usiku. Sikumkuta sekondari. Nilimkuta barabarani.

Alikuwa amesimama pale tunapovukia, viatu vya ncha vimejaa vumbi, ananong'ona. Alitazama kulia, kushoto, kulia tena. Kisha akavuka kwa hatua fupi fupi, kama mtu aliyebanwa na khanga, akisema kwa sauti, "Ha-ya-twe-nde, ha-ya-twe-nde." Akafika. Akarudi. Wauza karanga walikuwa wameacha kazi kumtazama. Mmoja aliniambia, "Mwalimu, huyu mwenzako tangu saa nne."

Aliponiona akaja mbio, na badala ya salamu akasema, "Kumi na sita!"

"Kumi na sita nini?"

"Hatua za mtoto. Kila mizani ni hatua moja. Mshororo ule ni mrefu kuliko yote kwa sababu huo ndio upana wa barabara. Nilijaribu kwa kile kipande changu cha 'sasa twende kwa fahari', ni minane tu, kinaishia kwenye mstari mweupe. Mwalimu Jeni, mimi ndiye niliyewasimamisha pale katikati." Akaelekeza kidole kwenye ule mstari. "Na hii mitatu mitatu niliyoiita mabonde, simama, tazama, tazama. Ni mifupi kwa sababu mtu aliyesimama hahitaji maneno. Ulipangaje haya yote?"

Ningeweza kujivuna. Lakini sikuwa nimepanga kitu. Nilipunguza neno pale walipochoka kusubiri, nikaongeza pale walipofika kabla shairi halijaisha, basi. Nilimwambia hivyo. Akatikisa kichwa kwa furaha, akasema hapo ndipo uchambuzi unapoanza, mtunzi anapojua kufanya na mchambuzi anapojua kueleza. Kisha akatoa lile jambo lililokuwa likimkereketa zaidi.

"Lile 'hakuna' na 'lipo'. Nilisema shairi lina maneno yake. Lakini pale wewe hujamaliza kutunga. Umeacha pengo, na barabara ndiyo inayolijaza kila asubuhi. Sijawahi kuona kitu hicho kwenye kitabu chochote cha sekondari."

Nilikuwa nimekuja kugombana, na sasa sikujua maneno yangu niyaweke wapi. Nikamwambia tu kwamba kushotoni ni upuuzi. Akakubali.

Tulikubaliana kwenda Kiomboi na guni. Mwalimu Anselm angesoma kwanza uchambuzi mfupi, ili majaji wajue wanachokisikia. Siku zilizobaki tulilirudisha shairi la zamani vichwani mwao, darasani na pembeni mwa lami, kwa wale waliokuwepo. Waliokuwa majumbani niliwafuata mmoja mmoja. Kristina nilimwendea mwisho, kwa sababu nilimwogopa.

"Gauni lake limeshashonwa," akasema bila kuacha kugeuza kuku. "Aende Kiomboi. Na mimi nakuja, nimtazame kwa macho yangu. Lakini Jumatatu, Mwalimu, huyu yuko hapa na mimi."

Ukumbi wa Kiomboi ulikuwa umejaa. Kulikuwa na jukwaa, meza ya majaji watatu, na mtu wa kengele mwenye saa. Kila kundi lilipewa dakika tano. Kengele ikilia kabla hujamaliza, umetoka. Jaji mkuu alikuwa Mwalimu Luciana, mama wa makamo mwenye miwani ya mnyororo, ambaye sote tulimpa shikamoo kabla hata hajatuuliza majina. Joto lilikuwa kali, basi milango mipana ya pembeni ilikuwa imefunguliwa yote, upepo wa Kiomboi ukiingia na vumbi lake.

Mwalimu Anselm alisoma uchambuzi wake vizuri mno. Alieleza jinsi mishororo mifupi inavyomsimamisha mtoto na jinsi mrefu unavyomvusha, akaeleza takriri inavyoshika hatua, na akasema shairi hili lina kibwagizo chenye majibu mawili, na jibu linategemea kinachoonekana. Mwalimu Luciana alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Nikaona anaandika. Nikawaza kikombe.

Watoto wakapanga mstari. Faith, kwa kuwa ndiye mwenye macho makali, alisimama mwisho, upande wa kulia, gauni lake la njano limepigwa pasi mpaka linang'aa. Wakaanza. Barabara, barabara. Simama! Sauti zilijaa ukumbi. Kulia kwangu kuna nini? Tazama! Kushoto kwangu kuna nini? Tazama! Kulia tena kuna nini?

Faith akageuza kichwa kulia. Kulia kwake kulikuwa na mlango uliofunguliwa. Nje ya mlango, chini ya mwarobaini, kulikuwa na gari jeupe la mgeni rasmi.

"Lipo!" akasema Faith.

Wakarudi mwanzo. Ukumbi ukacheka na kupiga makofi, watu wakidhani ndivyo tulivyopanga. Wakaja tena mpaka kulia tena kuna nini. Gari halikuwa limekwenda popote. "Lipo!" Wakacheka tena. Mara ya tatu walicheka wachache. Mara ya nne nilimwona mtu wa kengele anatazama saa yake. Mwalimu Anselm akanitazama, akatazama mlango, akaelewa. Akachomoka nje akikimbia na viatu vyake vya ncha, tai ikiruka begani, kumtafuta dereva.

Dereva alikuwa amekwenda kunywa chai. Hilo tuliambiwa baadaye.

"Lipo!" akasema Faith, wala hajachoka. Walikuwa wanafurahia. Hii ndiyo sehemu waliyoipenda siku zote, na leo walikuwa wanaipata bila mwisho.

Mwalimu Luciana akainua mkono, ukumbi ukatulia, watoto nao wakanyamaza wakanigeukia. "Mwalimu," akaniambia, na alikuwa ananitakia mema, niliona, "shairi lako limenipendeza sana. Dakika zenu zinakwisha, lakini nitawaongezea moja. Waambie tu waseme 'hakuna', wavuke, wamalize."

Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Neno moja la mizani mitatu. Wangesema "hakuna" kwa sababu mwalimu amesema, wangevuka jukwaa, tungepata kikombe au tungekikaribia, mwalimu mkuu angekuwa na hoja, na watoto wangu wasingepoteza mwaka. Nilifungua mdomo. Niliona nyuso zao zote zinanisubiri. Wananiamini watoto wale, hilo ndilo jambo linaloniogopesha kila siku katika kazi yangu. Nikimwambia Faith kwamba kile anachokiona hakipo, atakubali. Na Jumatatu pembeni ya lami, au siku yoyote nisipokuwepo, atasema hakuna kwa sababu ndivyo shairi linavyomalizika vizuri.

"Mama, samahani," nikasema. "Siwezi. Gari lipo."

Ukumbi ukaangua kicheko. Hata majaji wawili walicheka. Mimi sikucheka, nilikuwa na hasira na machozi kwa pamoja, nikasema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, "Lipo pale mnaliona wote! Nikiwafundisha leo kusema hakuna ili tupate kikombe, watasema hakuna lori likiwa linakuja. Nipeni sifuri."

Mwalimu Luciana aliinamia karatasi zake. Watoto, walipoona maongezi yamekwisha, wakaanza upya kutoka mwanzo. Walifika kwenye tazama ya pili, kengele ikalia.

Tukawa tumetoka. Niliwaona watu wa kundi lililofuata wakijipanga pembeni ya jukwaa, nikapanda kuwachukua wangu. Hapo ndipo Mwalimu Anselm alipoingia mlangoni, shati limechomoka lote, akipumua kwa shida, mikono juu. Nje gari jeupe lilikuwa limesikika likiondoka.

"Limeondoka!" akapiga kelele. "Hakuna! Faith, sema hakuna!"

Faith alimtazama Mwalimu Anselm kuanzia kichwani hadi kwenye viatu. Kisha akainama, akachungulia pembeni yake, kwa sababu alikuwa amesimama kwenye mlango na kumziba. Alitazama mpaka chini ya mwarobaini. Wengine wote nao wakainama kutazama, mstari mzima, pamoja na Nathan ambaye asingeweza kuona chochote.

"Hakuna!" akasema Faith, na wakaja, haya twende, haya twende, wakashuka ngazi za jukwaa, wakapita mbele ya meza ya majaji hatua kwa hatua. Hakuna aliyewapa alama yoyote. Watu walipiga makofi, lakini kengele ilikuwa imeshalia, na kikombe kilikwenda kwa shule nyingine iliyoimba wimbo wa usafi.

Kristina alikuwa amesimama kwenye njia ya katikati ya viti. Faith alipomfikia, mama alimshika bega, akamgeuza, akamweka mbele yake, lakini mimi ndiye aliyekuwa akinitazama. Sikujua kama anataka kunifokea tena. Nilikuwa tayari, maana sikuwa na kikombe wala hoja.

"Mtu mzima anamwambia hakuna," akasema, "naye anachungulia kwanza."

"Ndiyo, mama Faith."

"Mwalimu mwenye tai."

"Ndiyo."

Akamnyoosha mtoto kola ya gauni ambayo haikuwa imekunjamana. "Jumatatu nitamleta pale unapowakusanyia. Na wale wenzangu nitawaambia mimi mwenyewe, usihangaike na mwalimu mkuu wako."

Nilitaka kumjibu maneno mengi, nikasema "haya" tu. Kisha nikageuka haraka kuwafuata watoto, maana wale wa mbele walikuwa wanakaribia mlango, na uani madereva walikuwa wameanza kuwasha magari.